Doa Jeusi Nyuma ya Tangi

Kwanza unakizunguka kitu mikono mitupu. Ndivyo ninavyofanya kazi, na wenye haraka wanicheke tu. Mashini ya kupimia ya miguu mitatu huona kile tu kinachoonekana kutoka pale ulipoisimamisha. Ukikosea pahali, kompyuta itakuletea nusu ya kitu, na aibu ni yako.

Safari hii kitu chenyewe kilikuwa tangi la maji la chuma, kubwa kuliko nyumba, kwenye gare, kituo cha treni cha Kolwezi. Wenye uwanja walitaka picha yake kamili ya kompyuta kabla ya kulikata na kusawazisha uwanja kwa ajili ya malori. Mi nilikuwa na langu. Kwenye uwanja huo alizikwa mdogo wangu.

Nilipokuwa mtoto, mgodi wa mji wetu ulikuwa unaanguka, na vijana wakaamua kwamba sisi wenye asili ya Kasai, mkoa wa mbali, ndio tuliokula kazi za watu. Tumekula, eti! Mama alizaliwa hapa hapa. Kasai aliijua kwa nyimbo tu. Tulifukuzwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, tukalala gareni na masufuria yetu, tukingoja treni ya kutupeleka Kasai. Surua ikamchukua mdogo wangu kabla treni haijafika. Mama mwenyewe alikuwa hoi kwa homa, hivyo tata, baba yetu, alikwenda kuzika peke yake. Alichukua sahani ya mama ya bati, akaitoboa kwa msumari ili mwizi asiitamani, akaifunika juu ya kaburi.

"Nimemulalisha pahali hakuna jicho inamufikia," alimwambia mama, "ya gare wala ya barabara."

Aliwaogopa wale vijana. Tuliporudi Kolwezi hakutaka kuulizwa tena, na sasa naye amelala makaburini.

"Mwana, umutafute," mama aliniambia asubuhi ile. "Lori isimupite juu. Nataka alale na tata yake."

Nilisimamisha mashini kwanza kwenye jukwaa la gare, kisha kando ya barabara. Nikaziunganisha picha mbili kwenye kompyuta, kama kawaida, ili nione kilichofichika na nichague pahali pa tatu. Nyuma ya tangi, karibu na ukuta wa magazini, ghala la zamani la gare, kulikuwa na doa jeusi: ardhi isiyofikiwa na jicho, la gare wala la barabara. Ee Mungu wangu!

Nilikwenda pale bila mashini. Nikafyeka majani, nikapapasa udongo kwa vidole. Ukingo wa sahani ulikuwa umeliwa na kutu, lakini tundu la msumari lilikuwepo.

Shefu, mkubwa wangu wa kazi, niliyekuwa nimemtumia zile picha, akapiga simu kwa ukali wake wa kila siku. "Nyuma ya tangi kuna doa! Weka mashini pale, umalize."

"Siweki, shefu. Pale kuna mtu."

Nikamweleza. Akasema malori yatangoja.

Mama alikuja na pasteri na kitambaa cheupe kipya. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake, lakini hakulia. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya sahani, akamwamsha mwanawe, akimwita tata kwa mapenzi, kwa sauti ileile aliyotuamshia sisi kwenda shule.

"Lamuka, tata. Treni imefika."