Chupa Ndani ya Sombe

Mji mzima wa Kayna ulimjua Jokébed kwa sombe yake, mboga ya majani ya muhogo. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu, na madereva wa malori yanayopanda Butembo walisimama hapo kula. Ilikuwa miaka ya waasi. Askari wao walioshika mji nao walikula kwake kila mchana, wakalipa siku walipojisikia.

Vumbi halikuwa geni kwake. La barabarani lilikuwa jekundu, laini, ukipangusa, linatoka. Kiangazi upepo wa kaskazini ulileta jingine, jeupe kama unga, milima ikafifia. Lakini mwaka ule volkano ililipuka huko mbali kusini, upepo ukageuka, ukawaletea jivu jeusi lenye kumetameta. Liling'ang'ania majani ya muhogo. Jokébed aliosha, akaosha tena, maji yakabaki meusi.

Mchana mmoja Sadrack, mkubwa wa askari wale, alitafuna sombe, meno yakalia krr. Akatemea kiganjani, akakigeuzia jua. Kikang'aa.

"Ni chupa! Huyu mama amesaga chupa, anataka kutuua!"

"Hapana chupa, chef," Jokébed alimwambia mkubwa huyo. " Ni mavumbi ya volkano. Angalia mabati, iko kila mahali."

"Volkano iko wapi hapa? Unaona moto, weye?"

"Upepo ndio unaleta. Onja hata maji ya batoto bangu, utaikuta mule."

Hawakuonja. Walipindua meza, wakavunja sahani, na sufuria kubwa aliyoachiwa na mama yake wakaitoboa kwa risasi. Jokébed alipomshika Sadrack mkono, alipigwa kitako cha bunduki kifuani. Watu walitazama tu, hata wale waliokuwa wakitema jivu lilelile majumbani mwao. Hilo lilimuuma kuliko kifua.

Jioni mchungaji Zorobabel akaja kumpa pole. "Samehe, mama. Tuombe."

"Pasta, nisamehe nani? Hakuna mutu ameniomba musamaha. Weye mwenyewe leo umepangusa jivu mu kanisa. Mbona hukuenda kubaambia askari?"

Mchungaji akainama, akaomba peke yake.

Juma lililofuata upepo ulizidi. Jivu likaangukia kambi ya askari, likaingia kwenye chai, kwenye ugali, kwenye bunduki. Sadrack akatuma mtu: mama arudi apike, maneno yamekwisha. Jokébed akaenda mwenyewe, kifua kimefungwa kitenge, akawakuta wanakula na kutema.

"Donc mama, kumbe ilikuwa volkano kweli!" Sadrack alicheka. "Kesho utupikie."

"Sufuria yangu iko wapi?"

"Mais mama, lakini hii ni vita."

"Vita haikupiga sufuria yangu. Ni weye. Sema mbele ya hawa: nilimusingizia huyu mama."

Kicheko kikakatika. Askari mmoja akakoki bunduki. Jokébed alibaki amesimama. Sadrack alimwonyesha barabara kwa kidole, kwamba ahame mji.

Kesho yake alipanda lori la maharage na watoto wake, wakafika Butembo, mtaa wa Mususa, kwa dada yake Katungu. Huko alianza tena kuuza chakula, kwa sufuria ya kuazima. Askari wa waasi, walioshika Butembo pia, wakikaribia, aliifunika kifuniko huku mvuke ukitoka pembeni.

"Chakula kimekwisha."

"Yaya, batakuua," Katungu alimnong'oneza dada yake mkubwa.

"Baniue. Kula, habatakula."

Na hawakula, mpaka siku walipoondoka mjini.