Blanketi la Viraka

Juzi niliona blanketi la viraka limeanikwa kwa jirani hapa Misunkumilo, na tangu hapo nawaza lile langu la utotoni tu.

Mchana mmoja mama alilishona kwa mkono. Kila mtu nyumbani alitoa kipande: khanga ya bibi, shati la baba, hata kaptula za kaka zangu zilizonuka moshi wa tumbaku.

“Mbona mnanishonea mimi tu?”

“Wewe ndiye kipenzi chetu,” mama alisema bila kuinua macho.

Nikawaringia kaka zangu. “Nyie mtalala na baridi!”

Wao wakaendelea kumkatia mama vipande.

Jioni pikipiki ilinguruma uani. Shangazi wa Inyonga alikuja kunichukua nikaishi kwake, na blanketi lilikuwa limeshafungwa pamoja na nguo zangu.

Sasa najua kila aliyekata kipande alikuwa ananiaga. Hata kaka zangu walijua, wakaniacha niringe.