Kamba Bila Ng'ombe

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, mwamba wa Tororo ukiwa umekatwa kiunoni na wingu hata ukadhani unaelea. Nilikuwa kijana, nimerudi karibuni kutoka Uingereza na diploma yangu ya utawala, ya kwanza kuonekana upande wetu wa Busia. Hakuna aliyenisomesha. Nauli niliipata kwa kupakia magunia ya pamba katika stesheni ya Tororo, na mgongo ulioyabeba ni huu huu, bado umenyooka. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu napenda kuyasema.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa uhuru, Kenya ilipokuwa na mabunge ya majimbo. Mjumbe wetu alikuwa Mheshimiwa Barasa, mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyekusikiliza amefumba macho kama aliyelala. Alinichukua niwe katibu wake, na hotuba zake za Kiingereza nilizitunga mimi. Mswada aliouhangaikia kuliko yote ulihusu ng'ombe. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia kwetu. Wanyama walitokwa udenda, wakachechemea, ndama wakafa. Mheshimiwa alizunguka boma hadi boma akiyaona kwa macho yake. Kisha akasimama bungeni akaomba ng'ombe asivuke mpaka wa Uganda, kwenda wala kurudi, hadi ugonjwa uishe. Wajumbe wenye mifugo mingi walimzomea. Hakuketi. Sheria ikapita, na kila neno lake lilitoka kwenye kalamu yangu.

Sasa, mkewe, Mama Athieno, alikuwa Mpadhola wa Paya, ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo. Sheria ikiwa bado changa, baba yake akafariki. Wewe umekulia mjini, basi nikueleze: siku zile mkwe hakufika kwenye mazishi ya baba wa mkewe mikono mitupu. Alikuja akiongoza ng'ombe kwa kamba, watu wote wamwone. Asipomleta, aliyeumia ni mke. Dada zake wangeketi karibu na mama yao, yeye angeketi nyuma na majirani, na maneno ya siku hiyo angeyasikia hadi uzeeni.

Ng'ombe alikuwepo, jike jekundu, mnene, mzima kabisa. Mama Athieno alisimama naye uani kabla ukungu haujainuka, kamba mkononi, akimtazama mumewe. Nikaona hapa ndipo diploma inapohitajika.

"Mheshimiwa," nikasema, "tuandike kibali maalumu. Sheria umeileta wewe. Askari wa mpakani watakupigia saluti tu."

Akafumba macho. "Katibu, yule mjane anayeuza samaki wa omena sokoni alipotaka kumvusha fahali wake kwenda kumzika kaka yake, tulimwambiaje?"

"Tulimwambia haiwezekani."

"Akalia?"

"Alilia, Mheshimiwa."

"Sasa unataka nimpite pale sokoni na ng'ombe wangu, nimpungie mkono?"

Mpaka leo naamini kile kibali kingesimama kisheria. Lakini kalamu niliirudisha mfukoni.

"Baba Athieno," mkewe akasema polepole, "wa kukaa nyuma ni mimi, si wewe."

"Nitakaa nawe huko nyuma," akamjibu. Kisha akaifungua kamba shingoni mwa ng'ombe, akaikunja, akaitia begani.

Safari ile naiona kama ndoto. Tulivuka mpaka kwa gari la Mheshimiwa. Baada ya Tororo gari tuliliacha barabarani, tukaingia njia ya mashamba, mtama umetulowesha hadi magotini, na ngoma za msiba zikija na kupotea ndani ya ukungu. Mheshimiwa alitangulia, mkono wake nyuma kidogo, kama mtu anayeongoza mnyama tusiyemwona.

Mashemeji walikuwa wakimsubiri mlangoni mwa boma.

"Hee! Hii mkwe nakuja na kamba tu! Sasa nataka kufunga nani, sisi ama maiti?"

"Wacha, ng'ombe yake iko, imekonda sana, haionekani!"

Watu wakacheka msibani. Mama Athieno aliinamisha kichwa. Mheshimiwa akangoja kicheko kiishe.

"Mashemeji, ng'ombe wenu yupo kwangu, mzima. Amezuiwa na sheria, na sheria hiyo niliileta mimi. Kwetu ndama wanakufa. Sikutaka niwaletee kifo juu ya kifo."

Mjane wa marehemu alikuwa amekaa chini kando ya jeneza. Alinyanyua uso akalitazama zizi lake, ng'ombe wametulia wakicheua, midomo mikavu.

"Hii ugonjwa nafika hapa kwetu?" akauliza.

"Haijafika, mama," akajibu mwanawe, aliyecheka kuliko wote.

Mjane akamgeukia Mama Athieno. "Achieng," akamwita binti yake kwa jina la utotoni, "lete hiyo kamba. Kuja kaa hapa na mimi."

Mama Athieno akaipokea kamba begani mwa mumewe, akaketi ubavuni mwa mama yake, kamba mapajani. Mheshimiwa alikwenda kukaa nyuma kabisa na majirani, kama alivyoahidi, akafumba macho. Ugonjwa ulipokwisha na mpaka ukafunguliwa, ng'ombe mwekundu alivuka kwa kamba ileile, ndama akimfuata.

Mwanangu, wewe una elimu, pengine kunizidi mimi, ingawa sidhani. Siku utakapokabidhiwa kalamu ya kuwaamulia watu, usijiandikie mlango wa pembeni. Amri uliyompa mjane wa sokoni, ivae wewe mbele ya wakwe zako, mchana, wakikucheka. Ukishindwa kuivaa, rudi ukaiandike upya.

Mola akujalie sheria utakazoweza kuzibeba begani mwako mwenyewe, zizi lenye ng'ombe wazima, na mama wa watu atakayekuita ukae karibu siku utakayofika na kamba tupu.