Dinari Isiyokuwa na Jina la Kabaila

Hili hamtaliamini, na siwalaumu. Hata mke wangu huliamini akilisikia kwa jirani tu, si kwangu. Linamhusu kaka yake, shemeji yangu Renoul, huyu hapa anayemaliza divai yangu, mgonga dinari wa Kabaila Guiraud pale Vaubrune.

Kazi yake mnaijua. Chapa yenye jina la kabaila imekitwa kwenye gogo. Renoul anaweka kipande cha fedha juu yake, anakigandamiza kwa chapa ya msalaba, anashusha nyundo. Kisha anaibandua dinari kwa kidole gumba na kuweka kipande kingine. Hata usingizini kidole hicho hubandua shuka.

Basi sokoni ikazuka dinari yenye msalaba pande zote mbili, mmoja umetuna, mwingine umebonyea. Jina la kabaila halipo. Msimamizi wa karakana akasema mbele ya kabaila kwamba huo ni uasi, Renoul akatwe mkono.

"Si uasi, bwana. Dinari moja ilinasa chini, nikagonga nyingine juu yake. Nilijisahau tu."

"Basi jisahau tena mbele yangu," kabaila akasema. "Gonga kwa mwendo wako wa kila siku. Ikitoka kama hii, mkono ni wako."

Kumbe kukosea nako kuna ufundi. Renoul akagonga, kabla hajakumbuka kuiacha dinari pale, kidole kimeshaibandua. Akagonga tena, vilevile. Dinari zikatoka safi kuliko zote alizowahi kugonga, naye jasho linamtiririka. Vipande vikabaki vichache, msimamizi ameshaita shoka.

Mimi nilikuwa mlangoni nikitazama, nikaona shemeji anakwenda na maji. Nikapaza sauti: "Shemeji, yule mjane Hersende unayemtaka kakubali posa ya mwoka mikate. Eti yeye angalau ana mikono miwili."

Renoul akageuka, nyundo ikiendelea. "Nani? Yule mwenye mdomo unaonuka vitunguu? Hersende hawezi kunifanyia—"

Paa. Paa. Msimamizi akaiokota dinari: msalaba huku, msalaba kule.

Kabaila akacheka mpaka akashika mbavu, akaamuru shoka lirudishwe. Kisha akanijia mimi, akavua joho lake la manyoya, akanivika mabegani, akasema tangu leo dinari zote za Vaubrune zitakuwa na sura ya—

"Joho gani, shemeji? Si alisema mtoeni huyo mlevi nje, na wewe ukang'ang'ania mlango mpaka ukang'oka nao?" Renoul akanikatiza, akamalizia divai yangu.