Gambuti za Mama

Rafiki zangu wa chuo walitoka Nairobi wakaja kwenye tamasha la muziki la siku tatu karibu na Chepseon, kwenye shamba ambalo hadi juzi yake lilikuwa malisho. Matope waliyaita mandhari. Walipiga picha na ng'ombe wa jirani yetu kana kwamba ni twiga. Nami, niliyezaliwa kilima cha pili kutoka pale, nilivaa raba nyeupe kama wao.

Waandaaji walipanga wanamuziki wakubwa wapande jukwaani saa tisa alasiri. Kwetu mvua hunyesha saa tisa; hata ndama anajua. Siku ya kwanza ilinyesha, ya pili ikanyesha, na ya tatu wakapanga saa ile ile.

Siku hiyo ya tatu mwimbaji alikuwa katikati ya wimbo mvua ilipozima jenereta. Sauti ikakatika, mdomo wake ukaendelea bila kutoa hata mnong'ono; wimbo ulikuwa umerekodiwa. Aliendelea kujinyonganyonga na maikrofoni mpaka alipong'amua kwamba tumemng'amua. Nilicheka kuliko wote. Nilimwita tapeli, mtu asiye na sauti yake.

Ndipo mama yangu akatokea kwenye ua wa waya, gunia kichwani la kukinga mvua, gambuti zangu za mpira mkononi, akinipungia.

“Huyo ni nani?” rafiki mmoja akauliza.

“Simjui. Ni mama tu wa kuchuna majani chai.”

Hiyo ilikuwa sauti yangu mwenyewe, na haikuhitaji jenereta.