Daftari Lililozikwa Usinge

Kwa miezi minne hakuna mtu Usinge aliyemjibu Mchungaji Eustace kwa Kinyamwezi. Alipita asubuhi akisalimu, "Mwangaluka," nao wakamjibu, "Salama, Mchungaji," kwa Kiswahili cha ofisini, wakaendelea kumenya karanga.

Mgogo huyo wa Mpwapwa alitumwa na Kanisa Anglikana angali kijana, kwenye njia ileile waliyopita wapagazi wakienda Ujiji. Miaka ishirini na miwili alijifunza lugha kwa kukaa na watu: majina ya miti, ya maradhi, ya mvua. Mzee Lugembe, mkuu wa chama cha wacheza nyoka, alimfundisha hata maneno ya chama, yale ya siri ambayo wanachama huyaapia. Sharti lilikuwa moja: yasikie, usiyaandike.

Aliyaandika. Kila akirudi nyumbani alijaza daftari. Lugembe aliporudishwa kutoka hospitali ya Kitete, ini limekwisha, Mchungaji akaketi kando ya kitanda akamsomea maneno hayo daftarini, akidhani anampa heshima. "Hayatapotea, mzee."

Lugembe akageukia ukuta. "Mwambieni mgeni aende."

Habari ilifika kanisani kabla yake.

Miezi minne baadaye, mzee alipokaribia kukata roho, binti yake Asnath, mwimbaji wa kwaya, alikuja kwa Mchungaji. "Baba anataka azikwe na daftari. Ukilileta, yameisha."

"Nipe siku mbili."

"Za nini? Tunadai daftari au mahari?"

Siku hizo mbili alizitumia kupiga picha kila ukurasa kwa simu. Jioni ya siku ya pili alipolichukua daftari na kutoka, alikuta kilio kimeanza kwa Lugembe.

Asubuhi, makaburini, Asnath alilipokea, akapekua kurasa moja moja, akamtazama.

"Hakuna nakala?"

"Hakuna."

Akaliweka juu ya jeneza. Udongo ukashuka.

Mzee Jilala, mwenzake Lugembe katika chama, alikung'uta vumbi mikononi akamwendea, akampa mkono. "Mwangaluka, Mchungaji."

Miezi minne alikuwa akilingoja neno hilo. Simu ilikuwa mfukoni, ndani ya kanzu, imelalia paja lake. "Mwangaluka," akaitikia. Jilala hakuuachia mkono wake. Akaanza kumsimulia kwa Kinyamwezi, taratibu, jinsi marehemu alivyoshinda siku mbili akiuliza kila aliyeingia kama Mchungaji ameshafika.