Wimbo wa Mama Mbuke

Zipora hakuwa mtu wa nyimbo. Alilelewa kijijini Didia na babu aliyefungua redio kusikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo, kisha akaifunga ili betri zisiishe. Kwaya ya kanisani alidumu nayo miezi mitatu, akatoka mwenyewe, akisema sauti yake inafaa kufukuzia ndege kwenye mtama. Kwa hiyo majirani walishangaa sana alipopata wimbo wake akiwa ameshavuka miaka thelathini.

Ulikuwa wimbo wa bendi moja ya zamani. Gitaa lilikuwa likilia taratibu, na mwanaume akiahidi kwamba mvua ya kwanza ikinyesha atakuwa mlangoni. Magesa, mumewe, aliuleta kwenye simu Krismasi moja akitokea Geita. Alikuwa mchimba dhahabu wa maduara, yale mashimo ambayo watu hushuka kwa kamba, na nyumbani alionekana mara mbili kwa mwaka. Krismasi ile alikaa na mkewe barazani, akamsaidia kubangua karanga za mbegu, kazi ambayo tangu waoane hakuwahi kuigusa. Wimbo ukaisha ukaanza, ukaisha ukaanza, mpaka karanga zikamalizika.

"Huu ni wako," alimwambia. "Nikiwa kule chini nikaukumbuka, najua nina kwangu."

Basi, ikawa hivyo. Maneno yenyewe Zipora hakuyaona ya ajabu. Alisema mvua ya kwanza mtu mwenye akili hakai mlangoni, yuko shambani anapanda. Lakini kila gitaa lilipoanza, alisikia tena harufu ya karanga na bega la mumewe karibu na lake, na hilo lilimtosha.

Tangu Januari ile, kila Jumamosi saa kumi alasiri, kipindi cha salamu cha redio moja ya mjini Shinyanga kilikuwa na ujumbe uleule: "Magesa, mchimbaji, akiwa Geita, anamsalimu Mama Mbuke popote alipo. Anasema mvua ya kwanza iko karibu." Mbuke alikuwa binti yao wa pekee, aliyepewa jina la mama yake Magesa, bibi aliyekuwa akiishi nao kaya moja. Wanawake wa jirani walizoea kuja na kazi zao saa hiyo, mwenye mahindi ya kupukuchua, mwenye mchele wa kuchagua. Mtangazaji akisoma, wanapiga vigelegele, na Zipora anainamisha uso akijifanya anatafuta kitu chini.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tano, mimba yake ya pili iliharibika. Magesa alipiga simu kusema duara limefika kwenye mwamba wa dhahabu, hawezi kutoka. Zipora alilala kitandani siku tano. Jumamosi ilipofika wimbo ukapigwa, akausikiliza na uso ukutani, akalia mwanzo hadi mwisho. Ulipokwisha aliona kama mumewe amekuja, amemkalisha, amempa maji. Siku ile wimbo ukawa wake kabisa. Wiki iliyofuata mkwewe akasema ana msiba wa binamu huko Ushirombo. Zipora, bado miguu haina nguvu, alimfungia karanga na kumpa kitenge chake kipya cha rangi ya chungwa, chenye ndege, ili asiende msibani na nguo iliyopauka.

Mwaka huu, mwezi wa sita, wanawake walikuwa uani kwake wakichambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Mtangazaji akasoma salamu za Magesa, kisha akaongeza jambo jipya.

"Leo simu ziko wazi. Mama Mbuke, zaidi ya miaka mitano nakusomea salamu zako na sikujui. Nipigie unieleze, kwa nini wimbo huu?"

Uani kukawa sherehe. Eufrasia, jirani na rafiki yake wa tangu utoto, aliinyakua simu ya Zipora akaanza kupiga. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika.

"Utasema nini?" waliuliza wenzake.

"Nitasema karanga," Zipora alijibu, na wote wakacheka.

"Tumempata!" mtangazaji akapaza sauti. "Mama Mbuke yuko hewani!"

Wanawake wakageuka kuitazama simu mkononi mwa Eufrasia. Ilikuwa bado inalia ile milio mifupi ya kutumika.

"Haloo," ilisema sauti ya mwanamke, changa, yenye aibu kidogo. "Mimi ni Mama Mbuke, niko hapa Ushirombo."

"Enhe, Mama Mbuke! Kwa nini wimbo huu?"

"Ulikuwa unapigwa kwangu. Mimi ni mama lishe, hapa stendi. Baba Mbuke alikuja kula, akaniomba niurudie. Nikaurudia mara tatu, mpaka wali wake ukapoa. Na huyu mtoto alipozaliwa, Jumamosi ileile aliuomba redioni, nikausikia niko bado wodini."

"Mtoto ana umri gani sasa?"

"Ametimiza miaka mitatu mwezi uliopita."

Mmoja wa wanawake alicheka, akasema, "Kumbe Mbuke ni wengi!" Hakuna aliyemuunga mkono. Eufrasia aliizima redio. Zipora alimtazama mkwewe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Bibi alikung'uta pamba kwenye nguo yake, akainuka, akaingia ndani. Hapo Zipora akajua kwamba hakuna la kwenda kuuliza, ila alikwenda.

Jumatatu alipanda basi hadi Kahama, akaunganisha la Ushirombo, akafika saa saba mchana. Kibanda cha mama lishe pale stendi hakikumpa taabu kukipata. Mwanamke aliyekuwa akipakua maharage aliitwa Vaileth, na alipomwona mgeni mkubwa kwake alisema, "Shikamoo dada, karibu chakula." Nyuma yake mtoto alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, amevaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa, chenye ndege.

Zipora alikaa kwenye benchi.

"Hicho kitenge nilikinunua mimi," alisema. "Mimi ndiye Mama Mbuke wa Didia."

Vaileth aliacha upawa ndani ya sufuria. Alikaa naye upande wa pili wa meza, na wateja wakajihudumia wenyewe.

"Aliniambia mliachana," alisema. "Aliniambia ulirudi kwenu na mtoto. Nikamuuliza mama mkwe alipokuja kunilea baada ya kujifungua, naye akasema, mwanangu, ya nyuma yaache nyuma."

"Siku ya wimbo, hapa kibandani. Ilikuwa lini?"

"Mwezi wa kumi na moja, miaka mitano na nusu imepita. Krismasi iliyofuata akasema anakwenda kumwona mama yake."

Zipora alihesabu. Mwezi mmoja. Wimbo ulikuwa umetoka kwenye kibanda hiki ukiwa bado wa moto, ukaenda kubanguliwa karanga Didia. Na ile Jumamosi ya mwezi wa tano, yeye akiwa na uso ukutani, salamu zilikuwa za kumpongeza mzazi wodini. Alikuwa amelilia furaha ya mwenzake akidhani anafarijiwa.

Vaileth alimletea ugali na sato. Hakuweza kula. Walipoagana, Vaileth alisema, "Dada, mimi sikujua," na Zipora akajibu, "Najua hukujua," akapanda basi.

Nyumbani alimkuta mkwewe jikoni, anachochea moto ambao hauna sufuria.

"Ulikwenda kumlea mwenzangu na kitenge changu, mayu," Zipora alisema, akimwita mama kama siku zote. "Mimi nikiwa bado natoka damu."

Bibi hakukana. "Mtoto alizaliwa akapewa jina langu. Ungekuwa wewe, ungekataa kwenda kulipokea jina lako?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungemwacha mwanangu. Nikafikiri, akija kujua, atakuwa ameshazoea."

Magesa alikuja baada ya wiki mbili. Aliingia kwa sauti ya chini, na sukari kilo tatu. Alikiri upesi, kama mtu anayeshusha mzigo, na akashangaa kwamba mzigo haukupokelewa.

"Baba yangu alikuwa na wake watatu," alisema. "Nani alilia?"

"Ungekuja ukasema unaoa, ningelia siku mbili nikanyamaza. Ndoa ni ya kanisani, lakini ningenyamaza. Mimi nauliza wimbo. Kwa nini uliniletea ule?"

Magesa alikuna kichwa. Inaonekana swali hilo hakuwahi kujiuliza. "Ulikuwa mzuri," alisema. "Niliupenda. Nikaona na wewe utaupenda."

"Na zile salamu, zilikuwa za nani?"

"Mama Mbuke," alisema. Akaona uso wa mkewe, akaongeza haraka, "Wote wawili. Ujumbe ulikuwa mmoja, lakini nia yangu ilikuwa kwa wote wawili."

Zipora alimwonyesha nyumba ya mama yake, upande wa pili wa ua, akamwambia huko ndiko atakakolala na huko ndiko atakakopikiwa. Magesa alilala siku nne, akarudi Geita. Tangu hapo kaya ina majiko mawili. Zipora na mkwewe wanasalimiana asubuhi kama inavyopasa, mmoja anapiga goti, mwingine anaitikia, halafu basi. Salamu za redioni zilikoma. Eufrasia alijaribu kumletea nyimbo nyingine kwenye simu, za injili na za ngoma, moja hata ya kuchekesha. Zipora alizisikiliza zote kwa adabu na kumrudishia simu yake.

Ila Mbuke, binti yake wa miaka tisa, alikua na wimbo ule. Kwake haukuwa wa Ushirombo wala wa machimboni. Ulikuwa wa Jumamosi, uani, mama amefurahi, na kipande cha muwa mkononi. Jioni moja aliuanza akiosha vyombo, na Zipora akamkemea kwa ukali ambao hata yeye ulimshtua.

"Usiuimbe huo hapa!"

"Kwa nini, mama?"

"Osha vyombo," Zipora alisema. Mtoto akaviosha, na nyumbani wimbo haukusikika tena.

Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na kikao cha wazazi shuleni. Watu walipotawanyika, mwalimu wa darasa alimwita kando.

"Mama Mbuke, mtoto wako ana sauti. Kila Ijumaa namsimamisha mbele awaimbie wenzake. Hajakwambia?"

"Hajaniambia, mwalimu," Zipora alisema. "Anaimba nini?"

"Ule wa zamani, wa mvua ya kwanza. Anasema ndio anaoupenda kuliko zote. Nikamwambia auimbe siku ya kufunga shule ili wazazi msikie, akakataa katakata. Akaniomba nisikwambie. Nami nimeropoka."

Zipora alimtazama mwalimu, kijana wa watu asiye na kosa lolote.

"Asante, mwalimu," alisema. "Usimwambie kwamba najua."

Akajifunga khanga yake vizuri, akashika njia ya shamba, maana mvua ilikuwa imeshanyesha mara mbili na pamba ilikuwa haijapandwa.